Filamu nne za Julai 2026, nauli moja ya boti

Kwa mtu wa Chake Chake, kwenda sinema si jambo la kuamua saa kumi jioni ukiwa barazani. Ni gari ya Mkoani alfajiri, boti hadi Unguja, boti nyengine hadi Dar es Salaam, daladala, kisha kulala kwa shangazi Magomeni, na kwa shangazi huendi mikono mitupu. Safari kama hiyo mimi naimudu mara moja, na Julai hii ina filamu nne kubwa zinazofuatana. Tatu lazima niziache.

Basi baada ya sikukuu ya Idd nilikaa nikazipima zote nne kwa mizani mbili. Ya kwanza: ipi itaingiza pesa nyingi duniani. Ya pili: ipi inastahili nauli yangu. Watu huzichanganya, wakaona iliyoingiza bilioni ndiyo ya kukimbilia. Kwangu mizani hizi zimepishana vibaya sana. Filamu ninayoipa ushindi wa fedha ndiyo niliyoiondoa mwanzo kabisa kwenye safari.

Mwenzangu wa kubishana ni ami, mdogo wake baba, mwenye banda la video Machomanne. Banda lenyewe ni mabenchi sita, spika mbili, na projekta aliyoinunua kwa mtu wa harusi. Pazia ni kitambaa cha marekani ambacho bibi alikikunja pindo kwa mkono, na chini upande wa kulia kina doa la chai lenye umbo la kisiwa cha Misali. Kila shujaa anayekimbilia kona ile anapita Misali kwanza. Kitambaa hicho kimeitwa marekani kwa sababu wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikishusha kwa wingi Unguja katika karne ya 19, na mimi hunichekesha kila usiku kuona sinema za Marekani zikichezwa juu ya marekani.

Ami hupima filamu akiwa amesimama mlangoni: nani atatoa pesa yake aingie. Ana jicho, siwezi kumkatalia. Tumewekeana kwamba atakayekosa kukisia mapato ya Julai atawalipia watu wote wa baraza kahawa na kashata kwa wiki nzima. Nilipoita jambo hilo dau akakunja uso, akasema kamari ni haramu. Tukakubaliana liitwe adabu.

Tarehe kwanza. Filamu ya tatu ya Minions inatoka Jumatano tarehe 1. Moana, hii ya waigizaji wa kweli na si ya katuni, inatoka Ijumaa tarehe 10. The Odyssey ya mwongozaji Christopher Nolan ni Ijumaa tarehe 17. Spider-Man: Brand New Day ni Ijumaa tarehe 31. Ipo na nyengine ya George Washington kijana, kwa kuwa tarehe 4 Julai Marekani inatimiza miaka 250, lakini huku Chake hakuna aliyeniuliza habari zake.

Mbichi au kavu?

Kabla sijataja mamilioni, neno moja kuhusu hesabu zenyewe. Pemba mtu akikwambia amevuna magunia matatu ya karafuu, unamuuliza: mbichi au kavu? Kwa sababu karafuu ukishazianika jamvini siku kadhaa zikageuka rangi, uzito unaoufikisha kwenye mizani ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ni sehemu tu ya ule uliotoka mtini.

Mapato ya tiketi yanayotangazwa ni karafuu mbichi. Kwa filamu zinazoonyeshwa Marekani, studio hubakiwa na karibu nusu ya kila tiketi, iliyobaki ni ya mwenye ukumbi. Nje ya Marekani fungu la studio huwa dogo zaidi, na China ni kama robo tu. Halafu matangazo hayamo kwenye gharama ya kutengeneza, na matangazo ya filamu ya ukubwa huu hula mamilioni kwa makumi. Ndiyo maana watu wa biashara hii husema kwamba filamu iingize kama mara mbili na nusu ya gharama yake ndipo ianze kuonekana faida. The Odyssey imeripotiwa kugharimu dola milioni 250. Ukipiga hesabu hiyo, chini ya milioni 600 na kitu bado ni jasho bila ujira.

Jambo la pili ni namna filamu inavyowaka. Kuna inayowaka kama makuti: Ijumaa moto mkubwa, Ijumaa ya pili majivu. Kuna inayowaka kama mkaa wa mkoko. Oppenheimer, ya Nolan huyu huyu, wikiendi yake ya kwanza Julai 2023 iliingiza Marekani dola milioni 82, ikaendelea polepole hadi 330 kwa Marekani peke yake. Mara nne ya mwanzo wake! Filamu za mashujaa wa Marvel aghalabu huishia mara mbili na nusu hivi, na zikifika tatu watu husherehekea. Kwa hiyo anayekisia kwa kuangalia wikiendi ya kwanza pekee anahesabu makuti na mkoko kwa kikapu kimoja.

Za watoto

Minions na Moana naziweka pamoja kwa sababu zitagombea mfuko mmoja, mfuko wa baba mwenye watoto watatu. Mfuko huo utakuwa umeshaguswa na Toy Story 5, inayotoka 19 Juni. Filamu tatu kubwa za watoto ndani ya wiki tatu ni nyingi, hata kwa Mmarekani.

Kwa fedha, Minions ndiyo imara. Ile ya 2015 iliingiza dola bilioni 1.16. Ya 2022 ilifika milioni 940, mwaka ambao vijana wakubwa walikuwa wakivaa suti kwenda kuitazama kwa mzaha. Despicable Me 4 ya mwaka 2024, ya ukoo ule ule, ilipata 970 hivi. Studio ya Illumination hutengeneza kwa gharama ndogo kuliko wenzake, kwa hiyo hata karafuu zikipungua juani bado gunia lina kitu. Mimi naikisia milioni 800. Ami anasema 950, na hoja yake ni nzuri kuliko zangu zote: hii ndiyo filamu pekee ya Hollywood bandani kwake isiyohitaji dijei wa kutafsiri. Vile vijitu vya njano husema maneno ya kuokoteza, Kihispania kidogo, Kiitaliano kidogo, sauti yao wote ni ya Mfaransa mmoja, Pierre Coffin, na mtoto wa Machomanne anacheka pale pale anapocheka mtoto wa Paris. Duniani ziko lugha nyingi sana, na huyu ameruka zote.

Lakini kwa nauli? Hapana. Minions kwenye pazia la ami, na Misali pembeni, ni Minions kamili. Hakuna kinachopungua.

Moana ni kesi ngumu zaidi, na mimi nina udhaifu nayo. Mpwa wangu wa miaka sita akiona ngalawa ufukweni, zile zenye magogo mawili ubavuni, anasema "chombo cha Moana". Hajakosea sana. Inaaminiwa kwamba ufundi wa kuweka magogo ya ubavuni ulifika pwani yetu kupitia mabaharia wa asili moja na watu wa Pasifiki, wale waliohamia Madagascar. Msichana wa kisiwani anayekatazwa kupita mwamba, bahari inayomwita, bibi anayemtia moyo kwa siri: hadithi hii Pemba haihitaji maelezo. Moana mwenyewe anachezwa na Catherine Laga'aia, binti wa Australia mwenye asili ya Samoa, na Dwayne Johnson anarudi kuwa Maui, safari hii kwa mwili wake na si sauti tu.

Wasiwasi wangu ni upesi wa kurudia. Katuni ya kwanza ni ya 2016, iliingiza kama milioni 640. Moana 2 ilitoka Novemba 2024 ikavuka bilioni. Sasa hata miaka miwili haijatimia, tunaletewa ile ya kwanza tena ikiwa na nyama na mifupa. Disney mwaka 2025 walionyesha njia zote mbili kwa mfano. Snow White, iliyogharimu zaidi ya milioni 200, iliishia kwenye 205 hivi duniani, yaani hata kavu haikufika sokoni. Lilo & Stitch ikavuka bilioni. Moana itakuwa ipi? Watoto wanaipenda kama walivyompenda Stitch, ila Stitch alikuwa hajaonekana ukumbini miaka mingi na watu walikuwa na hamu naye. Moana hajapata nafasi ya kutamaniwa. Nasema milioni 700, na nikikosea nitakuwa nimekosea chini.

Kwa nauli, Moana ndiyo ya pili katika orodha yangu. Bahari ile inataka pazia kubwa. Ila ukienda peke yako, mtu mzima mwenye ndevu, bila mtoto wa kisingizio, utajisikia vibaya kidogo.

Odysseus, Sindbad na manahodha wa Wete

Sasa hii.

The Odyssey ni hadithi ya Homer, mshairi wa Kigiriki wa kale: mfalme wa kisiwa kidogo, Odysseus wa Ithaca, kaenda vitani Troy miaka kumi, na kurudi nyumbani kukamchukua miaka kumi myengine. Njiani zimwi la jicho moja linawala wenzake, sauti za wanawake baharini zinataka kumtia wazimu, na nyumbani mkewe Penelope amezungukwa na wachumba wanaokula mali na kusema mumeo keshakufa, chagua. Yeye anawaambia subirini nimalize kufuma kitambaa hiki, mchana akifuma, usiku akifumua.

Nilipomsimulia bibi akasema, "Huyo si Sindbad?" Na kweli, katika safari ya tatu ya Sindbad limo jitu linalowachagua mabaharia mmoja mmoja na kuwabanika, na dawa yake ni ile ile, chuma cha moto machoni. Kuhusu Penelope hakuuliza kitu. Bibi ni mtu wa Wete, na baba yake alikuwa nahodha, akiondoka na upepo mmoja na kurudi na mwengine, na wakati mwengine pepo zikipita mbili tatu kabla ya kurudi. Alinyamaza kidogo akasema, "Wachumba huwa hawachelewi." Akaendelea kuchambua mchele.

Hiyo ndiyo sababu naamini hadithi hii itauzika mahali ambapo watu wa Hollywood hawapahesabu. Lakini tuzungumze wanapopahesabu. Nolan ameipiga filamu yote kwa kamera za filamu za IMAX, mfumo wa picha na mapazia makubwa mno, jambo ambalo hakuna filamu ya hadithi iliyowahi kulifanya mwanzo hadi mwisho. Kamera hizo hutumia utepe mpana ambao kila picha ni kubwa mara nyingi kuliko ya kawaida, na tatizo lake miaka yote lilikuwa kelele: zinanguruma kama cherehani, mtu akinong'ona hasikiki. Ikabidi zitafutiwe njia ya kutulizwa. Nolan mwenyewe amesema walitumia zaidi ya futi milioni 2 za utepe, na waigizaji wakapelekwa baharini, juu ya mawimbi ya kweli. Aliyewahi kuvuka mkondo wa Nungwi mwezi wa Julai ataelewa kwamba hiyo ni kazi ya wazimu.

Na watu wameshaonyesha wanachotaka. Julai 2025, mwaka mzima kabla, tiketi za kumbi chache zenye mashine ya utepe huo mpana ziliuzwa mapema, zikaisha, kisha zikaanza kuzungushwa kwa ulanguzi. Babu yangu angelifurahi sana. Yeye ujana wake alikaa Unguja, enzi za Majestic pale Vuga, ukumbi uliofunguliwa 1955 baada ya Royal ya mwaka 1921 kuungua. Kwa babu, njia ya kujua filamu itadumu haikuwa gazeti. Ilikuwa kumuuliza mlanguzi anauza tiketi kwa bei gani. "Bei ya mlangoni ni ya serikali," alikuwa akisema, "bei ya uchochoroni ndiyo ya watu."

Halafu waigizaji. Matt Damon ndiye Odysseus. Wamo Anne Hathaway, Robert Pattinson, Charlize Theron, Tom Holland, Zendaya. Na yumo Lupita Nyong'o, mtoto wa Profesa Anyang' Nyong'o wa Kisumu, mwenye Oscar ya 2014. Hapa kwetu haitaitwa The Odyssey kamwe, mimi nakuhakikishia. Itaitwa "ile ya Lupita", hata akionekana dakika tano.

Ubaya wake? Wapo. Ni hadithi nzito, si ya kila mtoto, na filamu za kale za mapanga na viatu vya ngozi zimewahi kuzamisha studio. Oppenheimer ilipata msukumo wa kutoka siku moja na Barbie, watu wakafanya sherehe ya kutazama zote mbili. Safari hii Nolan hana shoga wa kumshika mkono. Lakini Oppenheimer ilikuwa saa tatu za wanaume wakizungumza fizikia vyumbani, na ikakaribia milioni 975. Ukimpa mtu huyo bahari, zimwi na vita, nashindwa kuona anashukaje chini ya 800. Nakisia 950. Ami anaipa 600 na kunihurumia.

Spider-Man, mshindi nisiyemfuata

Kwa fedha, sina ubishi: Spider-Man atawapiga wote. Homecoming ya 2017 ilipata milioni 880. Far From Home ya 2019 ikapata bilioni 1.13. No Way Home, Desemba 2021, dunia bado ina barakoa na China haikuionyesha, ikafika bilioni 1.92. Ni kweli Marvel imechoka kidogo. Mwaka 2025 The Fantastic Four ilisimama kwenye 520 hivi, na Superman wa jirani zao DC kwenye 600 na kidogo. Spider-Man, hata hivyo, hapimwi kwa wenzake. Huyu ndiye shujaa ambaye mpwa wangu anavaa kandambili zake.

Ila bilioni 1.9 usiitarajie. No Way Home ilikuwa harusi ya koo tatu, Spider-Man wa zamani wawili walirudi wakasimama na wa sasa, na harusi kama ile haifungwi mara mbili. Mara hii mwongozaji ni Destin Daniel Cretton, Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, yuko peke yake, dunia nzima imemsahau, na pembeni wapo Punisher wa Jon Bernthal na Hulk wa Mark Ruffalo. Naweka bilioni 1.4. Ami naye kaweka bilioni 1.4, tukaangaliana kwa mashaka.

Kuna mtego hapa kwa wanaokisia "mapato ya Julai". Spider-Man anatoka tarehe 31. Ndani ya Julai ana siku moja tu na maonyesho ya usiku wa kabla yake, pesa zake karibu zote zitaandikwa Agosti. Mwanzo alikuwa atoke tarehe 24, wakamsogeza wiki moja, na kila mtu alielewa kwa nini: The Odyssey itakuwa imezikamata skrini za IMAX. Basi ukiuliza nani atauza tiketi nyingi zaidi kati ya tarehe 1 na 31, shindano ni la Minions mwenye mwezi mzima na Nolan mwenye wiki mbili. Hapo ndipo adabu yetu ilipo, mimi na ami, na hapo ndipo sina raha. Nimemchukua Nolan kwa moyo, na hesabu inaniambia Minions.

Kichekesho ni kwamba Tom Holland, Zendaya na Jon Bernthal wamo katika Spider-Man na katika The Odyssey pia. Wakishindwa na Nolan, wameshindwa na nafsi zao.

Kwa nini simfuati Spider-Man Dar? Kwa sababu atanifuata yeye. Haitapita muda atakuwa bandani kwa ami, ametafsiriwa, dijei anampa Peter Parker matusi ya Kariakoo ambayo studio haikuyaandika. Sisemi nakala zile ni halali, nasema zinafika. Na mwisho atafika kwenye simu kwa njia za halali pia. Mtu anayeruka kati ya majengo hapotezi mengi kwenye pazia la futi nane, jicho lako linamfuata yeye, si jengo. Jahazi dogo katikati ya bahari ni kinyume chake. Likiwa kwenye pazia la ami, bahari inakuwa beseni.

Mpira na kusi

Mambo mawili yanaweza kuharibu hesabu zote.

Kombe la Dunia linaanza 11 Juni na kwisha Jumapili ya 19 Julai, Marekani, Canada na Mexico, timu 48 kwa mara ya kwanza. Fainali ni New Jersey, na kwa saa zetu inaanza saa nne usiku. Mpaka siku hiyo banda la ami ni la mpira. Keshaandika kwa chaki ubaoni MECHI TU, na hataki kusikia habari ya katuni. Ulaya mechi zitakuwa jioni na usiku, kwa hiyo Minions na Moana, zinazotazamwa na watoto mchana, hazitaumia sana. The Odyssey ndiyo inayotoka siku mbili kabla ya fainali. Wikiendi yake ya kwanza nje ya Marekani inaweza kuonekana hafifu, na magazeti yataandika kwamba Nolan ameanguka. Usiyasikilize hadi wikiendi ya pili, watu watakapokuwa wamerudiwa na jioni zao. Halafu tarehe 4 Julai mwaka huu ni Jumamosi, na Jumamosi ya fataki Wamarekani wako nje wakichoma nyama, jambo ambalo litamtoboa Minions mfukoni kidogo. Kidogo tu.

La pili ni kusi. Julai bahari hukasirika, na mimi nimewahi kushuka Unguja nikiwa nimeiacha chai yangu ya asubuhi na mikate miwili nyuma ya Nungwi. Ukiwa na mtoto mdogo au mzee, hili lihesabu kabla ya kuhesabu tiketi. Boti ikighairishwa siku moja, filamu haikungojei.

Na ukifika Dar usiende moja kwa moja ukumbini kama nilivyofanya mimi mwaka juzi. Filamu kubwa kawaida hufika huko wiki ile ile zinapotoka duniani, lakini angalia ratiba ya ukumbi siku hiyo hiyo, na uliza mtu aliyetoka ndani. Mimi niliingia ukumbi mmoja, sitautaja, spika za upande wa kushoto zikiwa zimekufa. Risasi zote zilitoka kulia. Shujaa anapigwa kutoka kushoto, mlio unatoka kulia, watu wanacheka pale pa kulia machozi. Nilivuka bahari mbili kwa ajili ya nusu ya sauti. Tena usitarajie utepe mpana wa Nolan: mashine zake ni chache mno duniani, Oppenheimer ilipata kumbi 30 tu za aina hiyo, na Dar haikuwamo. Utaona nakala ya kawaida kwenye pazia kubwa. Bado ni bahari.

Kwa hiyo nani aende lini? Mwenye watoto wa skuli na nauli ya familia, subiri Moana, wikiendi ya tarehe 10, ila ikiwa watoto ni chini ya miaka mitano baki nyumbani na Minions. Kijana mwenye marafiki watano wa kelele, wanaotaka ukumbi upige makofi, nenda Agosti mosi kwa Spider-Man, maana filamu ile bila kelele za wenzio ina ladha nusu, na hapo peke yake ndipo ninapokubali nauli yake. Mtu wa peke yake kama mimi, tarehe 18 Julai, Nolan, kiti cha kati, safu ya nyuma kidogo.

Nimeshampigia shangazi. Nafika Ijumaa jioni, Jumamosi sinema, Jumapili fainali kwa jirani yake mwenye dishi, Jumatatu boti. Hakuuliza filamu gani. Ameuliza pweza nitakayemletea ni mkavu au mbichi.

Mkavu, nimemwambia. Mbichi hafiki.